Uliza Ujibiwe: Usiku wa Idai na miezi iliyoufuata

Toleo lililopita msomaji mmoja wa Changamwe aliniuliza namna ya kuiokoa cherehani iliyoingia maji. Nilimjibu kwamba hayo nayajua kwa mikono yangu, maana yangu ililala majini kule Beira, Msumbiji, usiku wa kimbunga Idai, Machi 2019. Nilitaja mara moja tu, nikaendelea na habari ya mafuta na kutu. Barua zilizofuata hazikuuliza tena habari ya cherehani. Basi leo hatushoni. Nimechagua barua sita, na zilizofanana nimeziunganisha.

Kwa wasionijua, mimi mzaliwa wa Kibokoni, hapa Mombasa, na Beira nilimfuata mume wangu aliyekuwa fundi wa winchi bandarini. Tulikaa huko miaka minne. Nilishona sare za shule na capulana, ndivyo leso na vitenge vinavyoitwa kule, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga mtaa wa Munhava. Nyumba ya matofali ya saruji, vyumba vitatu, paa la bati, mfereji mkubwa si mbali. Beira nzima imekaa chini, karibu sawa na bahari, na sisi wa Munhava tulikuwa chini zaidi.

Bi Mshonaji, Mei 2024 tulipotangaziwa kimbunga Hidaya tulizivuta mashua juu tukakaa siku tatu bila kwenda baharini. Hapa kwetu hakikuja. Sasa vijana wasema yale ni maneno ya redio, na kikitangazwa kingine wao watatoka. Kweli kimbunga kinaweza kufika Mombasa? (Mvuvi, Likoni)

Kaka yangu, siku tatu bila samaki najua zinavyokuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo sitakwambia hukupata hasara. Lakini Hidaya hakikuwa maneno ya redio. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Bahari ya Mafia ndiyo hiyo hiyo unayotegea nyavu wewe.

Kinachotukinga ni mahali tulipo. Kimbunga kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea, na joto hilo sisi tunalo. Lakini chataka pia kuzungushwa. Hewa inapovutwa kwenda katikati, mzunguko wa dunia huipinda njia, ndipo inapoanza kuzunguka. Karibu na ikweta kupindwa huko ni hafifu mno. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, Beira inakaribia 20. Ndiyo maana vimbunga vya upande huu huelekea zaidi Madagaska, Msumbiji na Komoro, na mara chache kusini mwa Tanzania.

Hizo mara chache ndizo za kuwaeleza vijana. Aprili 1872, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akiwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu zake bandarini na kulaza mashamba ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na ndipo karafuu ikahamia Pemba mpaka leo. Unguja iko nyuzi 6. Fungua ramani uwaonyeshe ilivyo karibu. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952. Na upande wetu wa kaskazini, Novemba 2020, kimbunga Gati kilipiga Somalia. Sisi tuko katikati, tumepita salama mpaka sasa, Alhamdulillahi.

Tena kimbunga hakihitaji kufika Likoni ili kimuue mtu wa Likoni. Mawimbi yake husafiri mbali kuliko chenyewe, na wewe mwenyewe wajua mashua ya mbao inavyofanywa na wimbi lisilo la msimu wake. Na jambo la mwisho kwa hao vijana: Idai kilianza mapema Machi kama mvua kubwa tu iliyopita juu ya Msumbiji. Kikarudi baharini, kikaenda hadi karibu na Madagaska, kikapata nguvu kwenye mlango wa bahari baina ya Madagaska na Msumbiji, kikageuka. Kule Beira wengi tulikuwa tumeshasema kimepita. Mashua zenu zivuteni.

Marekani wasema hariken, Ufilipino taifuni, sisi kimbunga. Ni kitu kimoja au vitatu? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tudor)

Kimoja, mwanangu. Jina hufuata bahari. Kikiwa Atlantiki ni hariken, kikiwa kaskazini-magharibi mwa Pasifiki ni taifuni, kwetu ni kimbunga, na wazee walikiita pia tufani. Upepo wake ni wa kilomita 119 kwa saa au zaidi. Kusini ya ikweta huzunguka kama mishale ya saa, kaskazini huzunguka kinyume chake. Kwenye mtihani usisahau hilo la mwisho.

Usiku wenyewe ulikuwaje? Nilisoma kwamba madirisha yaachwe wazi kidogo ili nyumba isipasuke. Na mngejua yatakayowapata, mngefanya nini tofauti? (Mwanafunzi wa uuguzi, Kizingo)

Madirisha funga, mwanangu. Funga kabisa, na kama una mbao zipigilie kwa nje. Upepo ukipata njia ya kuingia husukuma paa kutoka chini, na huku ule unaopita juu unalivuta. Paa hupata adui wawili kwa wakati mmoja. Ushauri wa kuacha wazi nilipewa hata mimi, na jirani yangu wa kushoto aliufuata.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14. Maonyo tulikuwa nayo, kazi bandarini ilikuwa imesimama, mume wangu yuko nyumbani tangu asubuhi. Kosa letu halikuwa kutokujua. Tulijiandaa kwa upepo, na upepo peke yake. Mume wangu na kijana wa jirani walipandisha magunia ya mchanga juu ya bati na matairi mawili ya lori. Mimi nikanunua mishumaa na mikate, nikajaza maji ndoo mbili. Pasipoti, vyeti vya watoto na cheti cha ndoa nikavitia kwenye droo ya chini kabisa ya kabati, niliona ndiyo salama kwa kuwa ina kufuli.

Umeme ulikatika magharibi. Bati za masika tunazijua sote zinavyolia, lakini zile hazikulia hivyo. Paa lilikuwa likipumua. Lainuka kidogo, larudi, lainuka. Karibu na saa tano usiku misumari ikaanza kung'oka mmoja mmoja, na kila mmoja ulisikika. Kisha upande wa jikoni ukaenda wote kwa mara moja, magunia na matairi pamoja nao. Gunia moja tulilikuta kesho yake kwenye ua wa nyumba ya tatu, na kila nikiliwaza nafikiria kama pangekuwa na mtu pale.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa nyumba ya nyuma, nyumba ya miti na udongo, na wajukuu zake wanne wameshikana nguo. Kumfungulia ilibidi mimi na mume wangu tuushike mlango. Tukawa watu tisa kwenye chumba cha katikati, chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, meza nzito niliyomlaumu mume wangu alipoinunua. Watoto ndani kabisa, sisi pembeni, godoro limesimamishwa upande wa dirisha. Upepo uligeuka. Ulioanza ukipiga ukuta wa nyuma ukaja kupiga wa mbele. Katikati ya kimbunga huwa pana utulivu, na wanaoupata hudhani yamekwisha wakatoka nje, kisha upande wa pili unawakuta barabarani. Ukiupata utulivu huo, baki ulipo.

Halafu maji. Sikuyasikia yakija. Yalipita chini ya mlango taratibu, yana harufu ya mfereji, nikadhani mmoja wa watoto amemwaga ndoo. Baada ya muda mfupi yalikuwa magotini. Meza tuliyojificha chini yake sasa tukawapandisha watoto juu yake, sita wote, wamekaa kama kuku kwenye kiota, na sisi watu wazima tumesimama ndani ya maji ya kiunoni tukiishika isielee. Hapo ndipo nilipoikumbuka droo. Cherehani niliiona kwa mwanga wa tochi, gurudumu tu liko nje.

Asubuhi nyumba ya bibi yule haikuwepo. Hakikubaki kitu cha kuonyesha kwamba palikuwa na nyumba.

Simu hazikushika kwa siku nyingi. Barabara kuu ya kutoka Beira ilikatwa na maji, kwa hiyo mji ukawa kama kisiwa. Habari ya mabondeni tulizipata kidogo kidogo kwa waliookolewa: mito ya Pungwe na Buzi ilifurika baada ya upepo kupita, watu wamekaa juu ya mapaa na miti wakingoja mashua na helikopta. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600, na ukijumlisha Zimbabwe na Malawi walipita 1,000. Mamangu hapa Kibokoni alikaa siku sita bila sauti yetu. Nilipompigia alikuwa ameshatusomeshea Yasini.

Waniuliza tungefanya nini tofauti. Tungeondoka mchana. Palikuwa na shule ya ghorofa, ya zege, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya matofali tuliona shule ile ni ya wengine. Hilo ndilo kubwa, na yote mengine ni chini yake. Karatasi ningezifunga kwenye mifuko ya plastiki mitatu na kuzivaa kifuani. Pesa taslimu ningekuwa nazo, maana mtandao ukilala na pesa za kwenye simu hulala, na sisi Mombasa siku hizi hata nyanya za Marikiti twalipia kwa simu. Maji ya kunywa ningeweka lita 20 kwa kila mtu. Na kila mtu angevaa viatu vigumu, kwa sababu kulipokucha chini ya maji yale kulikuwa na bati zilizochanika, na muuguzi utakaposhona nyayo za watu utakumbuka maneno yangu.

Mafuriko ya Novemba 2023 yaliingia uani kwetu yakafunika kisima. Tulichota baada ya siku mbili, watoto wawili wakaharisha. Mama mkwe asema kisima cha wazee hakimdhuru mtu wa nyumba. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? (Mke wa nyumba, Kisauni)

Dada yangu, usimwambie kisima ni kibaya. Mwambie kisima kimeingiliwa. Na kwa kweli ndivyo ilivyo: maji ya mafuriko yamepita kwanza kwenye vyoo vya shimo vya mtaa mzima, kisha yakaingia humo.

Beira, siku kumi na mbili tu baada ya upepo, tarehe 27 Machi, ilithibitishwa kipindupindu kimeingia. Tarehe 3 Aprili ikaanza chanjo ya matone ya mdomoni. Nilisimama foleni na wanangu chini ya mwembe uliobaki shina tu. Walichanjwa watu zaidi ya 800,000. Waliougua walipita 6,000, waliokufa hawakufika hata kumi, na sababu ni kwamba vituo vya matibabu vilifunguliwa mapema na watu wakawahi. Nashikilia neno hilo la kuwahi. Ukiona choo cha mtu kimekuwa kama maji yaliyooshewa mchele, usingoje kuche.

Kisima kifungeni mpaka kitolewe maji yote, kisuguliwe na kitiwe klorini, na vipimo vya klorini awape afisa wa afya ya umma wa kaunti, msikisie. Wakati huo maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini na kuachwa nusu saa. Sisi mkaa wetu ulikuwa umelowa wote. Tulichemshia maji kwa mbao za paa letu wenyewe, na baba watoto alizikata akiwa kimya. Yaweke kwenye mtungi wa mdomo mwembamba, si ndoo ambayo kila mkono unaingia. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, wala usizidishe chumvi ukidhani ndiyo dawa. Umnyweshe kidogo kidogo ukiwa njiani kwenda kituoni.

Na mama mkwe mpe yeye kazi ya kusimamia usafishaji wa kisima. Ni chake.

Mama yetu mdogo yuko Mamoudzou, Mayotte. Kimbunga Chido cha tarehe 14 Desemba 2024 kilichukua banga lake lote, kibanda chake cha bati. Amejenga tena kwa bati za kuokota. Sisi jamaa tumekubaliana kuchanga. Tumpelekee nguo, chakula au pesa? Na paa alifanyeje? (Wana wa ndugu, Mji wa Kale)

Pesa, wanangu. Beira tulipokea magunia ya nguo, mengine yana makoti mazito ya baridi, katika joto lile. Waliotuma walituma kwa moyo mzuri, na sitawasema vibaya. Lakini tulichokosa kilikuwa misumari, mkaa, sodo za wasichana, nauli. Kila nyumba ilikuwa na pengo lake, na mwenye nyumba ndiye alijua.

Na msitume zote mara moja. Wiki za kwanza kila mtu hukumbuka. Mwezi wa nne baada ya kimbunga hakuna anayepiga simu, na mwezi wa nne ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu akiba imekwisha, madeni yameanza kudaiwa, na wewe mwenyewe umeanza kuona haya kuomba. Mimi mwezi wa nne ndio niliolia. Chama changu cha akina mama wa Kibokoni walikuwa wakinitumia kidogo kila mwezi bila kuniuliza nimefanyia nini, na kwa pesa zile nilibadilisha mota na mkanda wa cherehani nikaanza tena kushona. Sare, maana shule zilifunguliwa na watoto hawakuwa na nguo. Kazi ilinirudishia akili kabla ya kunirudishia pesa.

Sasa paa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nililipia somo hili. Bei ya bati kwa muuzaji wa mtaani kwetu ilikuwa imepanda karibu maradufu. Tukampa fundi mmoja pesa za bati ishirini, naye akaenda, hakurudi. Mwambieni mama anunue vifaa mwenyewe, avione vikishuka mlangoni, na fundi amlipe kwa siku jioni kazi ikiisha.

Bati la kuokota lina matundu ya misumari ya zamani. Akilipigilia upya palepale halitashika, na maji yataingia. Yanayofaa yaende kwenye ukuta au choo, juu aweke mapya, hata kama itabidi aanze na chumba kimoja. Misumari iwe ile ya bati yenye kofia pana na kipira chake, au bora skrubu, na ikaribiane zaidi kwenye kingo na kwenye kipeo cha paa, maana upepo huanza kubandua pembeni.

Lakini bati silo linaloondoka peke yake. Kwetu liliondoka na mbao zake. Fundi mzee aliyetujengea mara ya pili, Msena mmoja mpole sana, alinionyesha kwa kidole: bati limeshikwa na pau, pau zimeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ukuta, ukuta umeshikwa na msingi, na kwenye kila makutano hayo alifunga waya mnene au ukanda wa chuma. Nyumba yetu ya kwanza kenchi zilikuwa zimekalishwa tu juu ya ukuta na kupigwa misumari miwili. Aliufupisha ukingo uliokuwa ukitokeza nje, kwa kuwa upepo huushika kama mkono. Paa la baraza akalitenganisha na paa kubwa, likiondoka liende peke yake. Akipata mbao za kutosha, paa la migongo minne hustahimili kuliko la miwili.

Magunia na matairi asipandishe.

Na mpigieni simu siku ambayo hamtumi kitu.

Upepo wa mvua uling'oa paa letu Bamburi. Tulishalirudisha, lakini mwanangu wa miaka sita kila wingu likifunga huingia uvunguni na kulia. Baba yake asema anadekezwa. (Mama, Bamburi)

Dada, hadekezwi. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka saba usiku ule wa meza. Kwa miezi mingi baadaye alilala na viatu. Mwanzo nilimgombeza, nikamvua kwa nguvu, na hilo nalijutia mpaka leo. Yeye alikuwa amefahamu somo la viatu kuliko mimi.

Wiki sita baada ya Idai kikaja kimbunga Kenneth. Kilipiga Komoro, kisha tarehe 25 Aprili kikaingia Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, mbali na sisi. Lakini sisi watu wazima tuliweka redio mchana kutwa, tukanong'ona, tukatazamana. Mtoto akaacha kula. Mwalimu wake, mama mmoja aliyepoteza nyumba yake pia, ndiye aliyeniambia nizime ile redio, niisikilize mara mbili kwa siku mtoto akiwa nje, kisha nimwambie ukweli kwa maneno machache: kimbunga kipo, kiko mbali, kikija tutakwenda shule ya ghorofa, na wewe utashika tochi.

Hilo la tochi lilifanya kazi kuliko yote. Tukampa tochi, na tukampa kazi ya kupanga viatu vya nyumba nzima mlangoni kila usiku. Hofu haikumtoka, lakini ilipata kitu cha kufanya. Baba yake mtoto wako mwambie amwite, wapande wote wawili ngazi, amwonyeshe misumari mipya na waya ulivyofungwa, aishike kwa mkono wake. Usimwambie paa haliwezi kutoka tena, kwa maana aliliona likitoka. Na kama miezi inapita hachezi, anakojoa kitandani, hataki shule, mpeleke hospitali uombe kumwona mshauri wa watoto. Usione haya kuomba.

Wangu sasa ni kijana, amenipita urefu. Masika iliyopita, usiku mmoja hapa Kibokoni, upepo uliamka na bati za jirani zikaanza kupiga. Niliinuka na leso yangu kwenda kuangalia chumba cha mbele. Nikamkuta amefika kabla yangu, tochi mkononi, na cherehani ameshaipandisha juu ya meza.